Namna ya Kuujenga Moyo wa Mazoezi katika Karate

Watu wengi wanaoingia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya karate, kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kinachowapungukia ni nguvu za misuli, wepesi wa miguu au ujuzi wa mapigo, na kwamba moyo wa mazoezi ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho au hukikosa. Kwa miaka niliyowafundisha wanaoanza nimeona mambo yakienda kinyume cha dhana hiyo. Nguvu humjia mtu yeyote anayehudhuria mara mbili au tatu kwa juma. Kinachowatoa wengi dojo kabla hawajafika mbali ni namna wanavyojitazama wenyewe wanapokosea, wanapoogopa na wanaposahihishwa mbele ya wengine. Moyo huo nao hufundishwa, tena kwa njia ileile inayofundishwa ngumi, yaani kwa matendo madogo ya mwili yanayorudiwa kwa mpangilio hadi yawe mazoea. Mwongozo huu unayaeleza matendo hayo kwa mfuatano ambao unaweza kuanza kuufuata wiki hii.

Nimetumia mifano ya Shotokan, mojawapo ya mitindo ya karate, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu zaidi. Anayefanya Goju-ryu, Shito-ryu au Wado-ryu atakuta baadhi ya majina yamebadilika, lakini kazi ni ileile.

Hatua ya kwanza: Jua unachokitafuta, kisha kiandike

Kabla hujalipa ada ya mwezi wa kwanza, nunua daftari dogo na uandike kwa sentensi moja sababu inayokupeleka karate. Andika ukweli, kwa sababu hakuna atakayeisoma sentensi hiyo isipokuwa wewe. Mmoja anakuja kwa kuwa alinyang'anywa simu kituo cha daladala, mwingine kwa kuwa daktari amemwambia apunguze uzito, mwingine kwa kuwa aliona sinema utotoni na hamu haijamtoka hadi leo. Hakuna sababu ya kuonea aibu hapo, ila kila sababu ina mtego wake, na ni vyema kuufahamu mapema. Aliyekuja na hasira atajikuta anampiga kwa nguvu mwenzake ambaye hakumkosea lolote. Aliyekuja kwa hofu atarudi nyuma kila anaposhambuliwa, hata pale ambapo kusogea mbele ndiko salama. Aliyekuja kwa ajili ya mkanda atahesabu miezi badala ya kuhesabu mapigo. Ukimweleza mwalimu sababu yako siku ya kwanza, atajua pa kukushika.

Kisha ichague dojo kwa macho yako mwenyewe. Omba ruhusa ya kukaa benchi kwa kipindi kimoja kizima, na usiwatazame sana wenye mikanda myeusi, maana wao watapendeza popote. Mtafute mwanafunzi aliye dhaifu kuliko wote mle ndani, yule ambaye mguu wake hauinuki na mkono wake unasahau kurudi kiunoni, uangalie anavyosemeshwa. Akikosea, je, anaonyeshwa tena, au anachekwa? Dojo inayomcheka mwenye mkanda mweupe haitakujengea moyo hata kama kuta zake zimejaa vikombe.

Hatua ya pili: Yaanze mazoezi kabla hujafika mstarini

Fika robo saa kabla ya wakati. Kata kucha, vua pete na saa, zima simu kabisa badala ya kuipunguza sauti, na ufunge mkanda wako polepole. Mambo haya yanaonekana madogo mno kuitwa hatua, lakini ndiyo yanayouambia mwili kwamba shughuli za ofisini, sokoni na nyumbani zimebaki nje. Mtu anayeingia mbio huku akifunga mkanda mstarini huitumia nusu saa ya kwanza akiwa bado yupo barabarani.

Mlangoni utapiga rei, yaani utainama kwa salamu. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyezaliwa Shuri, Okinawa, mwaka 1868 na kuipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliwaachia wanafunzi wake kanuni 20, na ya kwanza kabisa inakumbusha kwamba karate huanza kwa rei na huisha kwa rei. Wazee wetu nao walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sioni maelezo ya rei yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo: anayeinama anakiri kwamba kuna kitu anakitaka, na kwamba hakipo mahali anapoweza kukifikia akiwa amesimama kwa kiburi.

Najua kwamba kwa wengi wetu jambo hili lina uzito wa kidini, nami silichukulii kwa wepesi. Muislamu anaweza kuona kwamba rei ya kupiga magoti, ambapo paji la uso linakaribia sakafu, inafanana mno na sijida, na Mkristo anaweza kujiuliza ile picha ya mzee wa Kijapani iliyotundikwa ukutani inapewa heshima ya namna gani. Katika karate rei ni salamu na shukrani, na mwalimu mwenye busara huliweka wazi hilo. Hata hivyo dhamiri yako ni yako. Zungumza na mwalimu faraghani kabla ya kipindi cha kwanza, mkubaliane juu ya salamu ambayo moyo wako unairidhia, kwa mfano kuinamisha kichwa kidogo ukiwa umesimama. Hilo ni bora mara elfu kuliko kuinama kila jioni huku nafsi inapinga, kwa kuwa mtu hawezi kufanya mazoezi vizuri akiwa na ugomvi ndani yake.

Baada ya salamu huja mokuso, kimya kifupi cha kukusanya akili. Katika dojo nyingi huchukua dakika moja au pungufu, nayo haitoshi kwa anayeanza. Kwa hiyo ifanye pia nyumbani kabla ya kutoka. Kaa kwa magoti, au kwenye kiti ikiwa magoti yanauma, mgongo ukiwa umenyooka, mabega yameshuka na mikono imetua juu ya mapaja. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kisha uitoe taratibu ukihesabu moja hadi sita. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo, na utaihitaji tena katika hatua ya tano, hivyo jifunze kuitoa sasa ukiwa huna anayekushambulia. Rudia mara kumi. Ukigundua kwamba unafikiria deni la duka, litaje kimoyomoyo, "deni la duka", urudi kwenye kuhesabu.

Dojo za Shotokan zina desturi ya kutamka kwa pamoja nadhiri tano: kuikamilisha tabia, kuifuata njia ya kweli, kukuza moyo wa juhudi, kuthamini adabu, na kujizuia na ujasiri wa pupa. Kila moja huanza kwa neno hitotsu, maana yake "moja", wala hakuna inayoitwa ya pili au ya tano, kwa sababu hakuna iliyo chini ya nyenzake. Usizitamke kama kasuku. Chagua moja kwa kila mwezi na uitafute katika mwenendo wako.

Hatua ya tatu: Shughulika na kitu kimoja kwa wakati mmoja

Kihon, yaani mazoezi ya msingi, ndipo moyo unapojengwa au kubomoka bila mtu kutambua. Mwalimu anaagiza oi-zuki mia moja, ngumi ya kusogea hatua moja mbele, kutoka ukuta huu hadi ule, kwenye ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji na joto la jioni ya Dar es Salaam au Mombasa. Ngumi kumi za kwanza kila mtu ni hodari. Ikifika ya sitini mwili unaendelea na akili imeshaondoka, na kuanzia hapo unachojifunza ni kupiga ngumi bila kuwepo.

Fanya hivi. Igawe mia moja hiyo katika kumi kumi, na kila kumi ulipe kazi moja tu. Kumi la kwanza tazama hikite, mkono unaorudi kiunoni: je, unarudi kwa kasi ileile ambayo mwingine unatoka nayo? Kumi la pili tazama kisigino cha mguu wa nyuma, kama kimebaki sakafuni. Kumi la tatu ni la mabega, kama yamepanda kuelekea masikioni. La nne ni la pumzi. Kisha rudi mwanzo. Usijaribu kuyatazama yote kwa pamoja, maana anayejaribu hivyo haoni hata moja. Akili itatoka mara nyingi, na kazi yako ni kuirudisha kila unapogundua kwamba imetoka, bila kujilaumu, kama mchungaji anavyomrudisha mbuzi njiani pasipo kumwendea kwa fimbo. Kule kuirudisha ndiko zoezi lenyewe. Mtu aliyeirudisha mara 30 katika kipindi kimoja amefanya mazoezi makubwa, hata kama yeye anarudi nyumbani akidhani jioni yake imepotea bure.

Funakoshi alipokuwa kijana alijifunza kwa Anko Azato, usiku, uani kwa mwalimu wake, akirudia kata ileile (kata ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa) huku Azato akiwa ameketi kimya akimtazama. Kata tatu za Tekki zilimchukua takriban miaka kumi. Sisemi kwamba na wewe ufanye hivyo, kwa kuwa utaratibu wa leo wa kupanda madaraja ni tofauti, lakini ukihisi kwamba umechoshwa na Heian Shodan, kata ya wanaoanza, baada ya miezi minne, ni vyema kukumbuka kwamba aliyeieneza karate Japani nzima hakupewa kata mpya kwa sababu tu ile ya zamani ilimchosha. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: hata wenye dan ya tano, yaani daraja la tano la mkanda mweusi, hurudi kwenye oi-zuki.

Ninaongeza jambo moja ambalo si wote watakaokubaliana nami. Muziki wakati wa kihon unaondoa kazi yenyewe. Unaufanya mwili usisikie uchovu na akili isijue kwamba imeondoka, na matokeo yake mtu hutoka jasho jingi pasipo kujifunza kuwepo. Uache kwa ajili ya kupasha mwili moto.

Hatua ya nne: Jifunze kusahihishwa

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu wazima kuliko zote. Mtu ambaye mchana kutwa anatoa maagizo kwenye idara yake anasimama jioni mbele ya kijana wa miaka 19 mwenye mkanda wa kahawia, naye kijana anamwambia kwamba goti lake limeingia ndani. Mara moja ulimi unaanza kazi: goti hili liliwahi kuumia, kiatu cha leo kilinibana, mwalimu wa Jumanne alituonyesha tofauti. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli yote, na bado yanazuia mwili usisikie, kwa sababu mtu anayejitetea hawezi wakati huohuo kulitazama goti lake.

Utaratibu ninaoufundisha ni huu. Ukisahihishwa, itikia "Osu" au "Ndiyo" tu, bila maelezo. Lifanye lile uliloambiwa papo hapo, mara tatu, polepole kiasi kwamba unaweza kusimama katikati. Kisha lifanye mara moja kwa kasi ya kawaida. Usiku andika kwenye daftari sahihisho hilo kwa maneno yako mwenyewe. Kama kweli goti lina jeraha, mweleze mwalimu baada ya kipindi, na hapo atakusikiliza kwa utulivu kuliko angekusikiliza mstarini.

Katika mazingira yetu kuna suala la umri, na linatatulika kwa heshima. Mlangoni kijana humwamkia mzee "Shikamoo", naye mzee huitikia "Marahaba". Ndani ya mstari mzee huyohuyo husimama chini ya kijana kwa mpangilio wa mikanda, na baada ya kipindi kijana humbebea mfuko wake hadi barabarani. Hakuna aliyepoteza heshima yake. Nimeona wazee wawili watatu wakiukubali mpangilio huu kwa uzuri hivi kwamba vijana waliwachukulia kuwa mfano, ingawa mapigo yao yalikuwa ya kawaida.

Lakini utii una mpaka, na lazima niseme hivyo bila kuuma maneno. Mwalimu anayempiga mwanafunzi kwa fimbo ili kumuumiza, anayemdhalilisha mbele ya wenzake, anayemtuma kazi zake za nyumbani kana kwamba ni sehemu ya mafunzo, au anayemgusa kwa namna isiyohusiana na kurekebisha msimamo, hamjengi mtu yeyote. Adabu ya dojo haimlazimishi mwanafunzi kunyamaza. Mzazi asikubali kumpeleka mtoto mahali ambapo wazazi wanakatazwa kukaa na kutazama, na mwanafunzi mzima aondoke siku hiyohiyo, awaambie wengine sababu. Kuna dojo nyingine.

Hatua ya tano: Ikaribie hofu kwa ngazi

Kumite, mapambano ya wawili, huamsha hofu kwa kila mtu mwenye akili timamu. Moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, pumzi inapanda kifuani na kuwa fupi, na macho yanaganda kwenye kitu kimoja, mara nyingi mkono wa mwenzako. Usione haya. Mwili unafanya kazi yake ya kukulinda, na wewe unachojifunza ni kufanya kazi yako huku ukiwa katika hali hiyo. Anayekuambia kwamba haogopi amezoea, au hajawahi kukutana na mtu mwenye kasi.

Ndiyo maana wakubwa wetu walipanga ngazi. Ya kwanza ni gohon kumite: mshambuliaji anatangaza shabaha, "jodan" kwa usoni au "chudan" kwa kifuani, kisha anasogea hatua tano kwa ngumi tano, nawe unarudi hatua tano ukikinga, na kwenye ya tano unajibu. Unajua itakuja ipi, lini na wapi. Zinafuata hatua tatu, kisha hatua moja, kisha shambulizi moja lenye uhuru wa kuchagua wakati, na mwisho jiyu kumite, ambapo hakuna kinachotangazwa. Usikubali kurushwa ngazi, wala usiombe kurushwa.

Katika kila ngazi fanya mambo matatu tu. Toa pumzi ngumi inapokuja, ileile pumzi uliyoizoesha kwenye mokuso, maana mwili unaoshikilia pumzi huwa mgumu kama gogo. Tazama eneo lote la mabega na uso wa mwenzako badala ya mkono wake, kwa sababu bega husema kabla ya ngumi. Na ukishajibu, usigeuke wala usicheke. Baki umemwelekea kwa sekunde mbili nzima, mikono juu, macho yametulia. Hali hiyo huitwa zanshin, moyo unaobaki baada ya tendo kwisha, na ndiyo inayomtofautisha aliyemaliza kwa utulivu na aliyefurahi tu kwamba imekwisha.

Niliwahi kumfundisha mama mmoja wa miaka arobaini hivi aliyefumba macho kila ngumi ilipomkaribia. Alijilaumu sana, na kadiri alivyojilaumu ndivyo alivyozidi kufumba. Tuliacha kukinga kabisa. Mwenzake alipewa kazi ya kuileta ngumi polepole sana na kuisimamisha shubiri moja mbele ya pua yake, mara 50 kila kipindi, na kazi ya mama ilikuwa kuitazama ikija na kuondoka, basi. Kasi iliongezwa kidogo kidogo. Baada ya majuma matatu macho yalibaki wazi, na kukinga kulikuja kwenyewe, kwa kuwa mikono ilikuwa inajua tangu zamani. Ilikosa tu wa kuiambia wakati.

Sasa upande wa mshambuliaji, ambao huzungumzwa kidogo mno. Ukitangaza jodan, elekeza ngumi usoni. Wengi, kwa upole wanaoudhani kuwa wema, huipeleka pembeni ya sikio au huisimamisha mbali, na mwenzao anakinga hewa kwa miezi huku akiamini kwamba anakinga. Huko ni kumdanganya. Siku atakayokutana na ngumi ya kweli atagundua kwamba hajawahi kuiona, na wewe uliyemwonea huruma ndiye uliyemnyima nafasi. Mpe ngumi iliyonyooka, ya umbali sahihi, kwa kasi anayoweza kuimudu leo, na uongeze kesho. Ukweli na kasi ni vitu viwili tofauti; punguza kasi kadiri inavyohitajika, lakini usiupunguze ukweli wa shabaha.

Hatua ya sita: Kujizuia kuwe sehemu ya pigo

Tarehe 7 Agosti 2021, ndani ya Nippon Budokan mjini Tokyo, ilichezwa fainali ya kumite ya Olimpiki kwa wanaume wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza kwa pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran aliporusha teke lililomfika mwenzake kichwani. Ganjzadeh alianguka, akapoteza fahamu na kutolewa kwa machela. Waamuzi walijadiliana, wakamwondoa Hamedi mchezoni kwa kutumia nguvu kupita kiasi, na dhahabu ikaenda kwa mtu aliyekuwa amelala. Wengi waliona hukumu hiyo kuwa kichekesho. Mimi naiona kuwa ya haki, ijapokuwa nilimhurumia sana Hamedi, kwa kuwa teke lile lilikuwa zuri kwa kila kipimo isipokuwa kile kimoja ambacho karate ya mashindano imejengwa juu yake: anayepiga awe na uwezo wa kusimamisha.

Wajapani huita ustadi huo sundome, kusimamisha pigo sun moja kabla ya shabaha, na sun ni kipimo chao cha zamani cha takriban sentimita 3. Unajifunzwa hivi. Ning'iniza ukurasa wa gazeti mlangoni kwa uzi, upige kwa kasi kamili huku ukijaribu kuifikisha ngumi karibu nao pasipo kuugusa. Mwanzoni utauchana au utasimama mbali sana. Mapigo 20 kila siku kwa mwezi mmoja yatakupa kipimo. Sambamba na hayo piga makiwara, ubao wa kupigia ngumi, au pedi, ili mwili ujue pia pigo linalofika, kwa sababu anayejua kusimamisha tu naye ana nusu ya somo.

Ukimgonga mwenzako kwa bahati mbaya, simama, mpe pole, uliza, umwite mwalimu. Usiseme "ni kidogo tu", kwa kuwa anayeumia ndiye anayejua kiasi. Ukigongwa wewe, mwambie mwenzako apunguze, kwa sauti ya kawaida. Usisubiri zamu yako ili ulipe. Dojo ambamo watu hulipizana huisha wenzi wa mazoezi, na bila mwenzi hakuna kumite.

Kanuni ya pili ya Funakoshi inasema kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Kata za Heian zote huanza kwa kukinga. Heian Shodan, yenye miondoko 21, hufunguliwa kwa gedan-barai, kinga ya chini, upande wa kushoto. Kwa hiyo mtaani, mtu akikutukana, ondoka. Akitaka simu yako, mpe. Mazoezi yote ya pumzi na macho uliyoyafanya yanakupa sekunde moja ya utulivu, na matumizi bora ya sekunde hiyo ni kuona njia ya kutokea.

Hatua ya saba: Kushindwa, kufeli na kuumia

Utafeli mtihani wa mkanda, au utashindwa shindano mbele ya ndugu zako waliokuja kushangilia. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ndani ya siku moja jibu maswali matatu kwenye daftari: nini kilitokea kwa macho ya aliyekuwa benchi, nini kilikuwa ndani ya uwezo wangu, na kitu kipi kimoja nitakifanyia kazi kwa majuma manne yajayo. Kiwe kimoja tu. Ukiandika saba, hutafanya hata kimoja.

Kipindi kigumu zaidi huja kwenye mkanda wa kahawia, pale ambapo maendeleo hayaonekani kwa miezi na wengi huacha wakiwa wamebakiza hatua chache. Ijue maana ya unachokingojea. Daraja la kwanza la mkanda mweusi huitwa shodan, na silabi ile sho ina maana ya mwanzo, herufi ileile inayoandikwa katika shoshin, yaani moyo wa anayeanza. Anayeungojea mkanda mweusi kama mwisho wa safari anangojea kitu ambacho hakipo.

Ukiumia, usikae nyumbani kama mwili unakuruhusu kufika. Kaa benchi na daftari, mtazame mtu mmoja kipindi kizima, uandike anavyosogeza nyonga. Kujifunza kwa kutazama kuna jina lake, mitori-geiko, na nimeona waliorudi kutoka kwenye jeraha wakiwa bora kuliko walivyoondoka. Pigo la kichwa ni suala jingine: aliyeona kizunguzungu, kichefuchefu au giza baada ya kupigwa asirudi mazoezini siku hiyo, na asirudi kabisa hadi daktari amruhusu. Hapo hakuna nafasi ya kuonyesha ushupavu. Vilevile mwezi wa Ramadhani si wakati wa kujipima. Aliyefunga afanye kata polepole karibu na magharibi, au aje baada ya futari, na kumite ingoje Shawali.

Hatua ya nane: Maliza kipindi vizuri na uutunze moto nyumbani

Funakoshi aliifananisha karate na maji ya moto, ambayo hupoa yakiondolewa jikoni. Siku zisizo na mazoezi tenga dakika 15: pumzi kumi, kata moja mara tatu, ngumi 20 kwenye ukurasa wa gazeti. Ifanye saa ileile kila siku, kabla ya kuoga asubuhi kwa mfano, ili usilazimike kuiamua upya.

Na mwalimu akishasema "Yame" na salamu za mwisho zikishapigwa, usikimbilie mlangoni. Chukua kitambaa cha kufutia sakafu hata kama una mkanda mkubwa kuliko wote, ufute upande wako wa ukumbi pamoja na wengine. Mshukuru kila uliyepambana naye. Ukifika nyumbani andika mistari mitatu: sahihisho nililopewa leo, wakati ambapo akili yangu iliondoka, na mtu mmoja niliyejifunza kitu kwake. Kisha fua gi, yaani vazi lako la mazoezi, uianike penye upepo, na utazame kalenda ujue kipindi kijacho ni siku gani.